Damu yetu si soko: tumechoka kuuziwa tifoide

Ndugu vijana wa Lweba, Lusenda, Mboko, Baraka na Fizi nzima; ndugu mulioko Uvira, Bukavu, Bujumbura, Nyarugusu na kila mahali vita vilipotutupa,

Kila wiki tunaandika juu ya bunduki. Leo tunaandika juu ya tone la damu.

Munajua inavyokwenda. Tumbo linauma, mwili una joto, unaenda kituo cha afya. Wanakutoa damu, unangoja kidogo kwenye benchi, karatasi inatoka: tifoide. Jirani aliyekuja na kichwa: tifoide. Mtoto wa shule aliyekula maembe mabichi: tifoide. Mama mwenye mimba anayetapika: tifoide. Imekuwa kawaida mpaka mtu anakuambia barabarani, "niko na tifoide yangu," kama vile anasema niko na simu yangu. Mwaka unaisha, amekunywa cipro mara tatu, mara nne, na tumbo liko palepale.

Sisi tunauliza: hii tifoide isiyoisha ni ugonjwa, ao ni biashara?

KIPIMO CHA WAKATI WA LEOPOLD

Kipimo hicho kinaitwa Widal. Jina ni la daktari wa Paris, Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Fikirieni mwaka huo. Mwaka 1896 Kongo ilikuwa bado mali binafsi ya Leopold II, na babu zetu walikuwa wanakatwa mikono juu ya kaucho. Ndicho kipimo ambacho mwanamke wa Lweba anauziwa leo, baada ya miaka zaidi ya 120, kama sayansi.

Kwa wakati wake kilikuwa kitu kikubwa, hatukatai. Lakini tuangalie kinavyofanya kazi. Widal haitafuti mdudu wa tifoide ndani ya damu. Inatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza ili kupigana na huyo mdudu. Mtu wa labo anachukua maji ya damu, anayachanganya na wadudu waliouawa, halafu anaangalia kama vinaganda pamoja. Anapoandika 1/160 ao 1/320, hahesabu wadudu. Anasema maji ya damu yako yalizimuliwa mara ngapi na bado yakagandisha. Kwa hiyo wewe unayetembea ukisema "niko na tifoide 320", jua kwamba hakuna mdudu hata mmoja aliyehesabiwa.

Sisi watu wa ziwa tunaelewa mambo ya nyayo. Asubuhi ukikuta nyayo za kiboko kwenye mchanga, unajua kiboko alipita. Hujui kama alipita usiku huu ao juzi, na hujui kama bado yuko kwenye matete. Widal inasoma nyayo. Mtu aliyeugua mwaka jana akapona, nyayo ziko. Mtu aliyepigana na wadudu wengine wa jamii hiyohiyo ya salmonela, nyayo zinafanana. Hata malaria inaweza kuvuruga jibu. Na kwetu, ambako kila mtu amekunywa maji machafu tangu utoto, ni nani asiye na nyayo?

Upande wa pili, mgonjwa wa kweli anaweza kuambiwa hana kitu. OMS, Shirika la Afya Duniani, iliandika mwaka 2003 kwamba Widal inaweza kukosa hadi wagonjwa 30 kwa kila 100 ambao tifoide yao imethibitishwa kwa kuotesha wadudu kutoka damuni.

Tufanye hesabu ya mfano. Watu 100 wenye homa wanakuja. Tuseme 10 ndio wana tifoide kweli. Kipimo kinakosa 3, kinapata 7. Kati ya wale 90 wengine, tuseme 25 wana nyayo za zamani. Karatasi 32 zinatoka zikisema tifoide. Ni 7 tu zinazosema kweli. Watu 25 wamelipa kipimo na wamelipa dawa ya ugonjwa wasio nao, na ule walio nao unaendelea kuwala. Watatu wanarudi nyumbani wakiambiwa wako salama, na utumbo wao unaendelea kuoza. Kwa jina la kisirikali wanaita hiyo matunzo. Sisi tunaiita kodi juu ya tumbo la maskini.

NANI ANALIPA

Analipa mama anayeuza ndakala, ambaye faida ya siku tatu imeingia labo. Analipa mtoto mwenye malaria kali anayepewa dawa ya tifoide wakati damu inaisha mwilini. Analipa kijana mwenye vidonda vya tumbo, mzee mwenye ini linaloharibika kwa virusi vya hepatite B, msichana mwenye apandisite. Wote wamewekwa ndani ya neno moja, tifoide, na neno hilo limefunga mlango wa kutafuta zaidi.

Analipa pia yule mwenye tifoide ya kweli, kwa sababu tifoide iko na inaua. Kinshasa, kuanzia mwisho wa mwezi wa tisa 2004 mpaka mwanzo wa 2005, OMS ilihesabu wagonjwa 42.564, waliokufa 214, na watu 696 ambao utumbo ulitoboka ao tumbo likajaa usaha. Utumbo ukitoboka kinachookoa ni kisu cha mpasuaji, na haraka. Sasa ukiita kila homa tifoide, utamtambuaje yule ambaye kesho utumbo utatoboka? Mchungaji aliyelia "simba" kila siku, munajua mwisho wake.

Na tunalipa sisi wote kwa pamoja, kupitia dawa. Kila cipro inayomezwa bure inawafundisha wadudu kuishi nayo. Hii si hadithi ya kutisha watoto. Pakistani, katika jimbo la Sindh, tangu 2016 ilitokea tifoide isiyosikia aina tano za antibiotiki. Kati ya vidonge vya kumeza, azitromisini ndiyo karibu peke yake iliyobaki na nguvu. Pakistani wana maospitali makubwa na labo. Ugonjwa wa namna hiyo ukifika kwenye njia hii ya Uvira na Baraka, tutautibu na nini?

KULE KWAO NA HUKU KWETU

Kuna kampuni duniani zinazotengeneza vipimo vya damu kwa magonjwa ya tumbo. Kampuni ya Marekani, Guardant Health, ilipata ruhusa ya serikali mwezi wa saba 2024 kwa kipimo kinachoitwa Shield, cha kutafuta kansa ya utumbo mpana kwa watu wa miaka 45 na zaidi. Ili ipate ruhusa ililazimishwa kujaribu kwa maelfu ya watu na kulinganisha majibu na kamera inayoingizwa ndani ya utumbo. Matokeo yalichapishwa hadharani, mazuri na mabaya: kipimo kilikamata kansa 83 kwa 100, lakini vivimbe vibaya ambavyo bado havijawa kansa kilikamata 13 tu kwa 100. Udhaifu umeandikwa, kila daktari anausoma, mgonjwa anaambiwa.

Hatuwaonei wivu. Tunauliza tu juu ya nini damu ya mtu wa huko inastahili ushahidi, na damu ya mtu wa Lweba inastahili kichupa kilichofika juu ya mota, bila mtu kuuliza kilijaribiwa wapi, kwa nani, na kilikaa kwenye joto siku ngapi. Huo ndio ubaguzi wa kimyakimya, na hauhitaji bunduki.

Wengine watasema: basi lete vipimo vipya vya haraka. Vipo. Kuna TUBEX ya Waswidi na Typhidot iliyotoka Malezia. Lakini watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio yote mwaka 2017 wakakuta TUBEX inakamata wagonjwa kama 78 kwa 100, na Typhidot kama 84, huku zote mbili zikiwapa watu wazima ugonjwa wasio nao. Walisema wazi kwamba havitoshi kuchukua nafasi ya kuotesha damu. Navyo pia vinasoma nyayo. Kwa hiyo tusidanganywe na karatasi mpya yenye rangi nzuri. Jina la kampuni si ushahidi.

Na tusieleweke vibaya: hatupingi vipimo vya damu. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta alama za mdudu mwenyewe. Kipimo cha hepatite B kinatafuta ngozi ya virusi yenyewe. Hivyo vinaokoa watu kila siku. Tunapinga kipimo kinachouza hakika ambayo hakina.

"MUKIONDOA WIDAL, ITABAKI NINI?"

Swali hili tunaulizwa hata na waganga wenye moyo mzuri, na linastahili jibu.

Kwanza inabaki akili ya muganga. Homa imeanza lini? Inapanda namna gani? Tumbo limekaza? Malaria imepimwa? Muganga akiona dalili nzito za tifoide, atoe dawa. Hatusemi angoje. Tunasema asijifiche nyuma ya karatasi ya uongo.

Pili, inabaki njia ambayo dunia nzima inaijua: kuotesha damu. Kwa mtu mzima unachukua mililita nane mpaka kumi, unatia kwenye chupa yenye chakula cha wadudu, unaweka kwenye joto la mwili, unangoja siku kadhaa. Mdudu akiota unamwona mwenyewe, unajua jina lake, na unajua dawa gani inamuua. Haikamati wote, inakosa karibu wanne kwa kumi. Lakini inaposema yuko, yuko.

Watasema hiyo ni ya wazungu, haiwezekani Kongo. Si kweli. INRB, taasisi yetu ya utafiti ya Kinshasa iliyoongozwa na Profesa Muyembe, pamoja na wenzao wa Antwerpen, wanakusanya damu hizo tangu 2007, hata Kisantu, mji mdogo wa Kongo-Central. Na walikuta jambo kubwa: kwa watoto wengi, mdudu anayeota si wa tifoide hata kidogo. Ni salmonela nyingine, inayowapiga zaidi wale wenye malaria na upungufu wa damu. Yaani walipotafuta mdudu mwenyewe, hadithi ilibadilika. Nao MSF wametengeneza labo ndogo inayofungwa ndani ya masanduku, kwa ajili ya mahali pasipo labo, kama kwetu. Kama inaingia ndani ya masanduku, inaweza kufika Baraka. Barabara ni mbaya, lakini pombe za viwandani zinafika.

Tatu, kukataza kipimo kibaya si ndoto. Mwaka 2011 OMS ilizitaka nchi ziache vipimo vya damu vya kibiashara vya kifua kikuu, kwa sababu vilikuwa vinadanganya. Uhindi, ambako vilikuwa biashara kubwa, ilivipiga marufuku mwaka 2012. Wenye maduka walilia. Wagonjwa hawakulia.

KWA NINI BIASHARA HII INAENDELEA

Hapa tunasema polepole, kwa sababu hatutaki kijana yeyote aende kumtukana infirmiye. Wengi wao serikali haiwalipi. Kuna watu wamefanya kazi miaka mingi bila mshahara hata mmoja wa serikali. Wanakula kwa kile mgonjwa analipa. Ukimweka mtu hivyo, labo inageuka duka, na kila mgonjwa anayepita bila kupimwa ni sahani iliyopungua nyumbani kwake. Kosa la kwanza liko Kinshasa. Mwaka 2001 huko Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mahesabu ya nchi yetu yako wapi? Ahadi hiyo ina umri wa kuweza kuoa, na bado haijatembea.

Na sisi wa Fizi tulizoea kubebwa na wageni. Mwezi wa kumi na mbili 2020, MSF walitangaza kwamba wanafunga kazi zao hapa baada ya watu wao kushambuliwa. Wenye silaha waliofanya vile walimpiga mgonjwa, hawakumpiga mzungu. Tangu mwezi wa kwanza na wa pili 2025, Goma na Bukavu zikiwa mikononi mwa M23, hata labo ya INRB iliyofunguliwa Goma imekuwa kama iko nchi nyingine kwa mtu wa Lweba. Basi tujenge cha kwetu hapa, au tuendelee kufa na karatasi mkononi.

MAJI NDIYO MZIZI

Tifoide inapita kinywani, kutoka choo cha mtu mmoja kwenda kikombe cha mwingine. Kipindupindu vilevile; tangu miaka ya 1970 kimefanya pwani hizi za Tanganyika kuwa nyumba yake. Hata kipimo bora kuliko vyote hakiwezi kumponya mtu ambaye kesho asubuhi atachota palepale. Lusenda ilipokea ndugu zetu Warundi tangu 2015. Tuliwagawia ardhi, muhogo na maji kidogo tuliyokuwa nayo. Serikali haikuongeza bomba kwa kipimo cha watu walioongezeka.

Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inasema afya ni haki. Kifungu cha 48 kinasema maji ya kunywa ni haki. Hatuombi zawadi ya kampeni, tunasoma sheria yao mbele yao.

Na kuna chanjo. OMS iliithibitisha mwisho wa 2017, na dozi moja inatosha kuanzia mtoto wa miezi sita. Malawi walianza 2023, Kenya 2025. Watoto wa Fizi wana kosa gani?

TUNADAI

1. Wizara ya Afya itoe agizo la maandishi kwa zoni zote za afya: Widal moja isitumike tena kusema mtu ana tifoide, na isiuzwe kwa mgonjwa kama hakika.

2. Bei za labo zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kila kituo.

3. Ndani ya teritware ya Fizi iwepo walau ospitali moja inayoweza kuotesha damu, yenye umeme wa jua na watu waliofundishwa, na majibu yake yatangazwe ili tujue dawa gani bado ina nguvu.

4. Wafanyakazi wa afya walipwe na serikali, ili wasilazimike kuishi kwa kipimo.

5. Kampuni yoyote inayotaka kuuza kipimo cha tumbo hapa ikijaribu kwanza kwa damu ya watu wa huku, pamoja na watafiti Wakongomani, ichapishe matokeo yote, na iandike udhaifu wake juu ya sanduku, kwa lugha inayosomwa.

6. Maji safi Lweba na vijiji vya njia hii, na ratiba ya wazi ya chanjo ya tifoide.

NA WEWE KIJANA

Usingoje agizo. Ukienda kupimwa, uliza kwa heshima: Papa, ao Mama, malaria imepimwa? Kipimo hiki kinatafuta mdudu ao nyayo? Jibu likitoka, litabadilisha dawa gani? Bei ni ngapi, na risiti iko wapi? Usimeze nusu ya antibiotiki na kumwekea ndugu yako nusu. Usinunue cipro sokoni juu ya maumivu ya kichwa. Lakini ukiwa na homa zaidi ya siku tatu, ao tumbo limekuwa gumu kama ubao, kimbia ospitali, na usiseme "vijana waliandika tusipime". Hatujaandika hivyo.

Peleka maneno haya kwenye lubunga, kanisani, msikitini, kwenye mitumbwi, kwenye kundi lako la simu. Wazee wetu walizoea kunyamaza mbele ya karatasi yenye tampo. Sisi tumesoma kidogo, basi tuwasomee.

Tutarudi kwenye jambo hili mpaka bei iko ukutani, mpaka chupa ya kwanza ya damu imeota Fizi, mpaka bomba limetoa maji Lweba.

Damu yetu si soko. Maji ni haki. Mapambano yanaendelea.

Vijana wa harakati ya wananchi, Lweba